Kabla ya Kupanda Mlima Seoraksan, Angalia Kalenda
Mkaazi anayepanga kupanda mlima Seoraksan, karibu na mji wa Sokcho nchini Korea Kusini, anashauriwa kuchagua mwezi kwa makini. Mbuga hii ya kitaifa, iliyotengwa mwaka wa 1970, hufurika wageni Oktoba majani ya miti yanapogeuka mekundu. Lakini kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, na tena kati ya Machi na Mei, njia nyingi za kufikia kilele cha Daecheongbong, chenye mita 1,708, hufungwa. Msitu huwa mkavu, na cheche moja yaweza kuuteketeza. Njia fupi ya kwenda hekalu la Kibudha la Sinheungsa kwa kawaida hubaki wazi. Humo watu huabudu. Mgeni azungumze kwa sauti ya chini.