Divai imeharibika, viazi vipya vimefika: tufanye nini?

Bandugu, miezi ya kutetea travay na ya ndoa mara nyingi ndiyo miezi ya mavuno ya viazi: divai iko mezani, viazi vipya viko sokoni. Vyote viwili vinatupotezea pesa juu hatuvijui vizuri. Nisemeshe kidogo kama mtu wa agronomia.

Tuanze na divai. Ikifunguliwa na kunuka vibaya, wengi wetu tunanyamaza, tunakunywa tu, tukifikiri divai ya bei ndiyo iko vile. Hapana. Divai iko na magonjwa yake.

1. Inanuka karatoni yenye kulowa ao ukungu: ni ugonjwa wa kizibo. Kuvu ndani ya kizibo cha mti zinatengeneza kitu kinachoitwa TCA. Nanogramu chache ndani ya litre moja zinatosha. Haiui mtu, lakini usitegemee kuiponya kwa kuipika. Funga chupa, irudishe mapema kwa muuzaji ikiwa bado na divai ndani, uombe ubadilishiwe.

2. Inanuka siki: bakteria na hewa vimegeuza pombe kuwa asidi. Usiimwage, tutaihitaji chini.

3. Rangi imekuwa kahawia, na ladha ni ya matunda yaliyopikwa: mara nyingi ni joto, chupa ilisimama siku nyingi kwenye jua la butiki. Hiyo itie kwenye mchuzi wa nyama ya ng'ombe.

Lakini ukiona vipande kama sukari chini ya chupa, usiogope: ni chumvi ya asidi ya zabibu, haina shida.

Sasa viazi. Kiazi kipya unakijua kwa kidole gumba: ukisugua, ganda linatoka. Kimechimbwa mbele ya kukomaa, kiko na maji mengi na wanga kidogo. Ndiyo maana kikichemshwa hakivunjiki, lakini kwa frites hakifai sana. Usikimenye: kioshe, kichemshe na chumvi dakika 15 mpaka 20 kulingana na ukubwa, ukile na sambaza za ziwa Kivu. Ao, vikiwa bado vya moto, vimwagilie mafuta, kitunguu na ile divai iliyogeuka siki. Utanikumbuka!

Angalia mambo mawili. Kiazi chenye kijani kimepigwa na mwangaza, na sumu inayoitwa solanine inaweza kuwa imeongezeka ndani, kupika hakuiondoi. Kata sehemu ile kwa kina. Kikiwa kijani sana ao kichungu, tupa. Tena usinunue gunia la viazi vipya kwa kuweka akiba. Ganda halijakaza, vitaoza. Nunua kilo mbili, ule ndani ya siku chache. Gunia lingojee viazi vilivyokomaa: majani yanakatwa, viazi vinabaki udongoni karibu majuma mawili, ganda linakaza.

Na huyu mama wa Masisi ao Kabare anayechimba mapema? Mara nyingi ni minervali ya watoto inamsukuma. Mmea ukiwa bado kijani, viazi vinaendelea kuongeza uzito. Akichimba leo anapoteza kilo ambazo zingekuja. Kwa hiyo, ukikuta viazi vipya viko na bei juu kidogo, usimbishanie sana. Unalipa zile kilo ambazo hakungojea.