Debe Lina Ukingo

Haya, wapwa zangu, sogeeni barazani. Mvua ya Masukulu haina haraka ya kukatika, nasi tuna maneno.

Mnakumbuka ule mjadala wa mishahara redioni? Oktoba 2025 Serikali ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi kitapanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Basi mdogo wenu akaniuliza: "Mjomba, mama anachuma chai kule juu, upande wa Tukuyu. Ina maana atalipwa hizo 358,322?"

Swali zuri hilo! Wakubwa wengi walishangilia bila kuuliza. Ngoja tumwite Debe atujibu.

"Mimi ni Debe," anasema. "Nakaa sokoni, napima viazi. Muuzaji akirundika mpaka kitokee kichuguu, mimi sina neno. Akitaka kuniacha nusu, nakataa. Juu ya ukingo, sawa. Chini ya ukingo, hapana."

Kima cha chini ndio huo ukingo. Mwajiri akipenda kulipa zaidi, sawa. Akilipa pungufu, hapana, hata kama kibarua mwenyewe amekubali kwa sababu ya njaa.

"Nani kauweka ukingo, Mjomba?"

Ipo bodi ya mishahara. Humo wanakaa watu wa upande wa wafanyakazi, wa upande wa waajiri na wa Serikali. Wanabishana, kisha wanamshauri waziri. Waziri akiamua, amri inachapwa katika Gazeti la Serikali. Ikishachapwa, ni sheria.

"Lakini sokoni kuna kisado pia, na kisado ni kidogo!"

Ewaa! Umeona mbali. Kila sekta ina chombo chake. Katika amri iliyoanza Januari 2023, mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wake aliwekewa 60,000 kwa mwezi. Kisado hicho, tena chembamba. Mfanyakazi wa shambani aliwekewa 140,000. Wa mgodini alikuwa juu zaidi. Hata mwalimu wenu wa shule ya Serikali ana chombo chake mbali: Mei Mosi ya 2025, kule Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kitoke 370,000 kiwe 500,000 kuanzia Julai.

Sasa ile 358,322 imetoka wapi? Ni wastani. Chukua vyombo vyote, vikubwa kwa vidogo, mwaga viazi pamoja, kisha gawa sawasawa. Fungu utakalopata ni la hesabu tu. Mama yenu asiende kumdai msimamizi 358,322. Akatafute mstari wa kilimo katika amri mpya, ile ya Januari 2026, audai huo.

Ukingo haupo kwa mwezi peke yake. Upo kwa saa, kwa siku na kwa wiki. Ile 140,000 ilikuwa 5,384 na senti zake kwa siku, na 717 na ushei kwa saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zikizidi, kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Chukueni kijiti, andikeni hapo chini: 717 mara moja na nusu? Elfu moja na sabini na kitu. Vizuri sana!

Na mshahara uje na karatasi. Hapo ndipo nataka mfungue macho. Mama anarudi na kikapu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani mawili na chipukizi. Karatasi ile ionyeshe amelipwa kiasi gani, na kilichokatwa kimekatwa kwa nini. Nyinyi mnajua kusoma, someni naye. Mwajiri hakati fedha kwa kujisikia tu. Akikata bila haki, kuna afisa kazi, na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ila mtu asilale: malalamiko ya namna hiyo yanapelekwa ndani ya siku 60.

"Na bibi wa Katumba, Mjomba? Yeye anachuma chai yake mwenyewe. Ukingo wake uko wapi?"

Mh. Umenibana, mpwa wangu. Bibi hana mwajiri, kwa hiyo amri ya mshahara haimgusi. Yeye anaishi kwa bei ya kilo ya majani mabichi. Bei ikishuka, siku yake nzima ya kuinama inaweza kuwa chini ya kile anachopata kibarua. Lakini palizi ikifika, bibi naye huita vijana wawili wamsaidie, na siku hiyo mwajiri ni yeye. Mwulizeni Jumapili huwa anawalipa shilingi ngapi. Mwulizeni kwa adabu.