Kapeti ya Dereva Baada ya Masika



Mvua za masika zimekatika na kiangazi kimeingia. Magari yanayosafiri kati ya Gitega na Muyinga, na yale yanayoendelea hadi mpakani Kobero, yamebeba kwenye sakafu zake tope jekundu la miezi mingi. Wengi huona kusafisha kapeti kuwa ni unadhifu tu. Sisi polisi tunaona pia kuwa ni usalama, kwani kapeti ya dereva hulala chini ya kanyagio la breki na la mafuta.

Mwezi wa Agosti 2009, karibu na San Diego nchini Marekani, gari aina ya Lexus lilishindwa kusimama, na watu 4 wa familia moja wakafariki. Dereva alikuwa askari wa barabarani mwenye uzoefu. Wachunguzi walibaini kwamba kapeti ya mpira iliyokuwemo ilikuwa ya gari la aina nyingine, nayo ilibana kanyagio la mafuta. Mwaka huohuo kampuni ya Toyota, inayotengeneza Lexus, iliyaita magari takribani milioni 3.8 nchini humo ili yarekebishwe.

Basi tunawashauri yafuatayo:

Kwanza, toeni kapeti zote nje. Acheni tope likauke, kisha zikung'uteni na kuzisugua kwa brashi. Tope bichi huzidi kuzama katika nyuzi.

Pili, zioshwe kwa maji na sabuni, zisuuzwe vyema. Msiende kuoshea mtoni. Maji ya Ruvubu huvuka mpaka, na jirani zetu wa Tanzania nao huyategemea.

Tatu, zianikwe hadi zikauke pande zote mbili. Sakafu ya gari nayo ikaushwe, kwani unyevu uliofichika huleta kutu. Kapeti ya mpira isipakwe mafuta ya kung'arisha, kiatu kitateleza.

Nne, kapeti iliyojikunja ilazwe juani na kuwekewa uzito juu yake hadi inyooke. Iliyotoboka penye kisigino cha dereva ibadilishwe.

Tano, wakati wa kuirudisha, ifungwe kwenye kulabu zake. Msiweke kapeti mbili moja juu ya nyingine. Injini ikiwa imezimwa, kanyageni kila kanyagio hadi mwisho, mhakikishe kwamba linarudi bila kugusa kapeti.

Ikitokea kanyagio la mafuta limenasa safarini, usiiname kuvuta kapeti. Kanyaga breki kwa nguvu bila kuachia, toa gia, elekeza gari pembeni, na uzime injini likishasimama.

Madereva wa teksi na wa mabasi madogo, abiria wamekabidhi maisha yao mikononi mwenu, na miguuni mwenu pia. Kazi hii haizidi asubuhi moja. Kinga ni bora kuliko tiba.