Kufagia, Kunyunyizia na Kufukiza Ghala

Tuchukue mfano wa ghala la mahindi huko Majengo, Songea. Mkataba ukitaja "kusafisha" tu, mzabuni aweza kufagia na kudai malipo, ilhali dumuzi wamo nyufani. Yafaa basi kutofautisha istilahi tatu.

Kufagia ni kuondoa vumbi na punje, kuanzia kenchi hadi chini ya chaga. Bei yake ifuate mita za mraba za sakafu.

Kunyunyizia ni kulowesha kuta na sakafu kwa dawa. Hupimwa kwa eneo linalonyunyiziwa.

Kufukiza ni kueneza gesi ya sumu mahali palipozibwa. Kwa kuwa gesi hujaza nafasi yote, kipimo chake ni mita za ujazo.

Mfasiri akichanganya maneno haya, mlipaji hupunjwa na nafaka huliwa.