Vijana Waliotoka Katika Nyumba za Marekebisho na Wajibu wa Mchungaji

Katika makala haya tunakusudia kueleza hali ya mtu ambaye katika ujana wake alipelekwa kwenye nyumba ya kurekebisha tabia, akateswa humo, na sasa akiwa mtu mzima anamjia mchungaji. Tunawaandikia watumishi wa sharika pamoja na wanafunzi wanaojiandaa kuingia kazini, kwa sababu mtu huyo akifika kwetu hukuta kikwazo asichokikuta kwa daktari wala kwa wakili. Maneno yetu ameyazoea tayari. Utii, toba, ungamo, nidhamu, msamaha: yote hayo aliyasikia mahali pale pale alipopigwa.

Tuchukue kata kama Mkonze, katika Jiji la Dodoma. Palipokuwa mashamba ya mtama na uwele na malisho ya Wagogo, sasa pana viwanja na nyumba mpya, na tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, familia zimezidi kuingia kutoka mikoa mingine. Baba hushinda kazini, mama hushinda kwenye biashara, na bibi ambaye zamani angemchukua mjukuu mkorofi yuko mbali Kilimanjaro au Bukoba. Kijana anapoanza kutoroka shule, kuvuta bangi na kurudi usiku wa manane, wazazi hupata ushauri kwamba kuna mahali pa kumpeleka. Mahali hapo huweza kuwa bweni, au nyumba ya maombi, au kituo kisemacho kwamba kinatibu uraibu. Hatusemi kwamba kila nyumba ya namna hiyo ni mbaya. Tunasema kwamba mzazi anayefikia hatua hiyo amechoka, ana aibu, na aghalabu hataki kuuliza maswali mengi. Naye mchungaji anayeombwa barua ya utambulisho ndiye pengine mtu wa mwisho awezaye kuyauliza.

Swali la kwanza ni la sheria. Katika Tanzania Bara, kijana aliyetenda kosa hupelekwa Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya, kwa amri ya mahakama, si kwa barua ya mzazi wala ya mchungaji. Makao mengine ya kulelea watoto hayana budi kuwa na leseni na kukaguliwa na Ustawi wa Jamii. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili na ya kumdhalilisha. Kifungu cha 95 kinamwagiza mtu ye yote katika jamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Hakikumtenga mchungaji. Kwamba hata mahali pa Serikali panahitaji macho ya watu wa nje ilidhihirika mwaka 2011, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipotoa taarifa ya ukaguzi wake wa mahali wanapozuiliwa watoto na kueleza kwamba walikuwako watoto waliofungiwa pamoja na watu wazima.

Sasa tueleze jinsi nyumba iliyofungwa inavyofanya kazi, maana asiyeielewa atamwuliza kijana maswali ya kumwumiza. Jambo la kwanza ni kumtenga: simu huchukuliwa, barua husomwa, na mzazi huambiwa asije kwa miezi ya kwanza ili asimvurugie mtoto matengenezo. Kisha kijana haambiwi siku ya kutoka. Atatoka atakapobadilika, na wa kuamua kama amebadilika ni wale wale wanaomtawala. Wenzake hufanywa wapelelezi wake, na aliye mwepesi wa kuwashitaki wengine hupewa chakula kizuri au kazi nyepesi. Hata hivyo kufuli kubwa kuliko yote halimo mlangoni. Ni lile neno wanaloambiwa wazazi tangu siku ya kwanza, ya kuwa mtoto wenu ni mwongo, atawaambia tunampiga, msimsadiki, hiyo ndiyo dalili ya ugonjwa wake. Kuanzia hapo kila kilio chake ni ushahidi dhidi yake mwenyewe. Akinyamaza, amepona, akilia, hajapona. Kijana mwenye akili hujifunza upesi kusema ameokoka.

Wako watakaotuambia kwamba hata wazee wetu waliwatoa vijana nyumbani na kuwapeleka porini kwa ajili ya jando. Ndivyo, na katika jando pia yalikuwamo maumivu ambayo hatuna haja ya kuyasifu. Ila jando lilikuwa na majira yake na mwisho wake, wasimamizi walijulikana na ukoo, na kijana alirudishwa kwa ngoma mbele ya watu wote. Nyumba tunayoizungumzia haina mwisho unaojulikana, na anayerudi kutoka humo hurudi kimya.

Afrika Mashariki imeyaona haya. Katika miaka ya 2010 zilienea habari za vijana wa Kisomali waliozaliwa au kukulia Uingereza, Norway na Marekani, waliorudishwa na familia zao kwenye vituo vya Nairobi na vya Somalia kwa desturi iitwayo kwa lugha yao dhaqan celis, yaani kurudishwa katika utamaduni. Waliotoka humo walisimulia kufungwa minyororo na kupigwa, na wengi walikuwa wameambiwa kwamba wanakwenda likizo kuwaona ndugu. Lakini Mkristo asisome habari hizo kama mambo ya watu wa dini nyingine, kwa kuwa mfano uliochunguzwa kwa marefu na mapana zaidi umo katika historia ya makanisa yaliyotuletea Injili.

Sote tunajifunza katika somo la diakonia habari za Johann Hinrich Wichern, aliyefungua Rauhes Haus karibu na Hamburg mwaka 1833, akawagawa watoto katika makundi madogo mithili ya familia, wala hakutaka kuta za gereza. Tunajifunza pia habari za Friedrich von Bodelschwingh na Bethel, mahali ambapo wamisionari wake walihudumu Usambara na, tangu mwaka 1910, Bukoba. Jambo ambalo mtaala haulifikii ni Freistatt. Kituo hicho cha Bethel kilianzishwa mwaka 1899 katika eneo la kinamasi kaskazini mwa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilipokea vijana wa kiume walioitwa wapotovu: waliotoroka nyumbani, waliozurura, walioacha kazi. Wengi hawakuwa wamehukumiwa kwa kosa lo lote. Walichimba mboji ya kinamasi ili ikauzwe, bila ujira wa haki, chini ya usimamizi wa mashemasi wa Kanisa, nao waliokaidi au kutoroka walipigwa na kufungiwa. Kwa kuwa umri wa utu uzima katika Ujerumani Magharibi ulikuwa miaka 21 hadi mwaka 1975, mtu wa miaka 20 aliweza kuwekwa humo bila ya kuulizwa.

Freistatt haikuwa peke yake. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1949 na 1975 watoto na vijana 700,000 hadi 800,000 walipitia makao ya malezi ya Ujerumani Magharibi, na sehemu kubwa ya makao hayo iliendeshwa na makanisa, ya Kiprotestanti na ya Kikatoliki. Kwa miaka mingi hakuna aliyewasikiliza. Mwaka 2006 mwandishi wa habari Peter Wensierski alichapisha kitabu ambacho jina lake, kwa Kiswahili, ni vipigo kwa jina la Bwana. Mwaka 2009 Bethel yenyewe ilitoa kitabu cha wanahistoria juu ya Freistatt, bila kuficha. Mwaka huo huo lilianza baraza la mashauri kati ya Serikali, makanisa na walioteswa, chini ya uenyekiti wa Antje Vollmer, mwanatheolojia aliyewahi kuwa Makamu wa Spika wa Bunge. Taarifa yake ilitoka Desemba 2010, na mfuko wa euro milioni 120 ukaanza kazi mwaka 2012. Wengi wa walioteswa waliona kwamba fedha hizo ni kidogo, tena walisikitika kwamba kazi waliyoifanya haikutajwa waziwazi kuwa kazi ya shuruti. Walipofikia umri wa kustaafu walikuta miaka ile ya kinamasi haimo katika hesabu ya pensheni.

Januari 2024 ulitoka uchunguzi mwingine ulioagizwa na Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, juu ya unyanyasaji wa kingono katika makanisa hayo na katika Diakonia. Ulihesabu walioumizwa wasiopungua 2,225 na watuhumiwa 1,259, nao watafiti walieleza kwamba hesabu hiyo ni pungufu kwa kuwa hawakupewa majalada yote. Kwetu sisi tulio wanafunzi wa Luther, fungu zito kuliko hesabu ni lile linalosema kwamba aliyeumizwa alisukumwa asamehe. Kanisa linalohubiri kuhesabiwa haki kwa neema lilikuwa limejizoeza kumhubiria neema mtesaji kabla ya kumsikiliza aliyeteswa, na aliyesita kusamehe alionekana kuwa ndiye anayevuruga umoja.

Hapo ndipo penye jambo tunalotaka wachungaji walishike. Msamaha ni kitu cha Mungu, na mtu aliyeumizwa aweza kuufikia, au asiufikie katika maisha haya. Si kazi ya mchungaji kumwekea tarehe. Tena tutofautishe ungamo na ushuhuda. Mtu anayetuambia alivyopigwa na kunajisiwa akiwa na miaka 15 haungami dhambi yake. Hana la kuondolewa. Kumtangazia ondoleo la dhambi katika saa hiyo, hata kwa nia njema, ni kuyathibitisha waliyomwambia wale kwamba mkosaji ni yeye. Vivyo hivyo siri ya ungamo isigeuzwe kuwa pazia la watesaji. Alilotuambia ni lake, naye akiwa mtu mzima yatupasa kumwuliza anataka lifikishwe wapi. Lakini akisema kwamba nyumba ile ingali na watoto ndani yake, basi kifungu cha 95 tulichokitaja kinatuhusu siku hiyo hiyo. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto katika polisi, yuko afisa ustawi wa jamii, na iko simu ya watoto namba 116.

Je, Maandiko? Mithali 13:24 husomwa sana katika nyumba hizi, na kwetu imeungana na methali isemayo mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini ni wachache wanaokwenda hadi Kumbukumbu la Torati 21:18-21, andiko kali kuliko yote juu ya mwana mkaidi. Hukumu yake inatutisha, na ni haki itutishe. Hata hivyo tazama utaratibu wake: wazazi wote wawili hawana mamlaka ya kumwua faraghani, bali wamlete mbele ya wazee, langoni, mahali wanapopita watu wote. Torati katika ukali wake wote haimjui kijana anayehukumiwa mahali pasipoonekana. Na katika 2 Samweli 13, Tamari anapopaza sauti yake, Absalomu ndugu yake anamwambia anyamaze kwa sababu aliyemtenda ni ndugu. Mfalme Daudi anakasirika, wala hafanyi neno. Wahubiri wetu wangeweza kukaa katika sura hiyo Jumapili nzima.

Luther naye aliyajua. Alipokuwa mtu mzima alisimulia mezani jinsi mama yake alivyompiga hadi damu ikatoka kwa ajili ya kokwa moja, na jinsi alivyochapwa shuleni mara 15 katika asubuhi moja. Aliwaheshimu wazazi wake hadi mwisho, akaieleza Amri ya Nne kwa upana kuliko wengi waliomtangulia, na bado hakuona kwamba heshima hiyo inamfunga asiseme alivyotendwa. Mwanafunzi anayefundisha kipaimara afadhali aikumbuke habari hiyo afikapo kwenye amri hiyo, kwa maana katika benchi la nyuma aweza kuketi mtoto anayejiuliza kama kusema ni dhambi.

Yako pia mambo madogo ya ibada. Kupiga magoti kwa saa nyingi ni adhabu ya kawaida katika mabweni mengi. Aliyeadhibiwa hivyo huenda asiweze kupiga magoti mezani pa Bwana bila mwili wake kutetemeka, naye hawezi kueleza sababu mbele ya washarika. Apewe Sakramenti akiwa amesimama, na mzee wa kanisa asimkemee. Mwingine hushtuka kwa mlio wa funguo, mwingine hawezi kuombewa kwa kuwekewa mikono kichwani. Mchungaji aulize kwanza, kwa sauti ya chini, kabla ya kumgusa. Asipolala usiku, au akinena habari za kujiua, asiachwe na maombi peke yake. Hospitali ya Mirembe ipo hapa hapa Dodoma, na twajua jinsi jina lake linavyotumiwa kwa dhihaka mitaani. Ndiyo maana mchungaji afuatane naye hadi kliniki, aketi naye kwenye foleni, watu wamwone.

Mwisho ni habari ya karatasi. Wazee wengi wa Ujerumani waliotafuta ushahidi wa ujana wao walikuta majalada yamechomwa au yamepotea. Kila barua ambayo usharika unaandika kumpeleka kijana mahali po pote ibaki na nakala ofisini, yenye tarehe, jina la nyumba, namba ya leseni yake na jina la aliyeiomba. Na mchungaji anapohamishwa, jalada hilo likabidhiwe kwa maandishi pamoja na vitabu vya ubatizo.