Kukoroma na Kukatika kwa Pumzi Usingizini: Tiba Ipo



Katika nyumba nyingi kukoroma ni jambo la kuchekwa. Watoto humwigiza baba, mama hulalamika kidogo asubuhi, na mambo huishia hapo. Kwa watu wengi kweli hakuna la kuogopa. Lakini wako wanaokoroma kwa nguvu, wakanyamaza ghafla kama waliokata roho, kisha wakashtuka, wakavuta pumzi kwa kishindo na kuanza tena. Huo si usingizi mzito. Ni ugonjwa uitwao apnia ya usingizi, nao unatibika. Mwezi huu tunaeleza tiba zake, maana wengi hudhani tiba ni moja tu, yaani mashine ya bei kubwa, wakakata tamaa kabla ya kumwona daktari.

UGONJWA HUU NI NINI?

Tunapolala misuli ya koo hulegea. Kwa mgonjwa huyu hulegea kupita kiasi, ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa zikaziba njia ya hewa. Kifua hujitahidi kuvuta lakini hewa haipiti. Oksijeni hupungua katika damu, ndipo ubongo humshtua apate kupumua. Asubuhi hakumbuki lolote.

Madaktari huhesabu mara ambazo pumzi hukatika, au hupungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, mara 5 hadi 14 kwa saa ni ugonjwa mdogo, 15 hadi 29 ni wa kati, na 30 au zaidi ni mkali. Hebu piga hesabu: mara 30 kwa saa, kwa saa 7 za usingizi, ni mara 210 katika usiku mmoja!

DALILI NA MADHARA

Mgonjwa huamka amechoka, kinywa kikavu, pengine kichwa kinauma. Usiku huamka mara kwa mara kwenda haja ndogo. Mchana husinzia kazini, mkutanoni, hata kanisani, na watu humwita mvivu. Ugonjwa huu huongeza shinikizo la damu na huenda pamoja na maradhi ya moyo na kiharusi. Tena dereva mwenye ugonjwa huu aweza kusinzia kwenye usukani, na hapo hatari si yake peke yake bali ni ya abiria wote.

Wanene hupatwa zaidi, hasa wenye shingo nene, lakini hata wembamba hupatwa.

TIBA ZAKE

1. Kubadili mwenendo. Hii haihitaji mashine wala umeme. Mnene akipunguza hata sehemu ya kumi ya uzito wake, mara nyingi hupata nafuu. Pombe iachwe, hasa jioni, kwa sababu hulegeza koo. Sigara nayo iachwe. Wengi huzidiwa wakilala chali, hivyo walale ubavu. Wako wanaoshona mfuko mgongoni mwa fulana na kutia mpira mdogo, ili wakigeuka chali wasumbuke na kurudi ubavu. Kwa ugonjwa mdogo hatua hizi zaweza kutosha. Kwa ugonjwa mkali hazitoshi peke yake, ila zisiachwe.

2. Mashine ya kusukuma hewa. Madaktari huiita kwa kifupi CPAP. Zamani wagonjwa mahututi walitobolewa shimo kwenye koo ili wapumue. Mwaka 1981 Dkt. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza njia nyingine: kupuliza hewa kupitia puani kwa nguvu ndogo isiyokatika, hewa hiyo ikaizuia njia isifunge. Mpaka leo hii ndiyo tiba kuu ya ugonjwa wa kati na ule mkali. Mashine haiponyi kabisa. Hufanya kazi usiku ule unapoivaa tu. Wengi huona taabu wiki za kwanza kwa sababu barakoa inabana au inavujisha hewa. Usiitupe. Rudi kwa mtaalamu akubadilishie barakoa au aipime upya. Osha barakoa kwa sabuni na maji safi.

3. Kifaa cha kinywani. Daktari wa meno hutengeneza kifaa kinachovaliwa usiku na kuvuta taya la chini mbele kidogo, ulimi usianguke nyuma. Hufaa ugonjwa mdogo na wa kati, na wale walioshindwa mashine. Mgonjwa awe na meno ya kutosha ya kukishikilia.

4. Upasuaji. Kwa watoto sababu kubwa ni tezi za koo na za nyuma ya pua zilizovimba, na kuziondoa mara nyingi ndiyo tiba ya kwanza. Mzazi, ukiona mtoto anakoroma kila usiku, analala kinywa wazi, anakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au amezorota shuleni, mpeleke akapimwe kabla ya kumchapa. Kwa watu wazima upasuaji wa koo huwasaidia baadhi tu. Daktari achague kwa uangalifu.

5. Dawa. Kwa miaka mingi hapakuwa na dawa iliyoidhinishwa ya kutibu kuziba kwenyewe. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha sindano ya tirzepatide, inayopunguza uzito, kwa watu wazima wanene sana wenye ugonjwa wa kati au mkali. Ni ghali, na haimfai kila mgonjwa.

TAHADHARI

Usimeze vidonge vya usingizi kwa kudhani unakosa usingizi. Baadhi yake huzidi kulegeza koo. Ukipewa mashine iliyotumika, ikaguliwe na mtaalamu kwanza, maana mwaka 2021 kampuni ya Philips iliita irudishwe mamilioni ya mashine zake kwa sababu sifongo ya ndani ilikuwa inamomonyoka. Na ukienda kufanyiwa upasuaji wowote, mwambie mtoa nusukaputi kuwa una ugonjwa huu.

UANZIE WAPI?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Pima uzito na shinikizo la damu, ueleze dalili zako. Kipimo cha usingizi hakipatikani kila hospitali, lakini hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, Bugando na KCMC zina madaktari wa masikio, pua na koo watakaokuelekeza.

Nenda na mwenzi wako wa ndoa, maana mgonjwa hajioni akilala. Shahidi ni yule anayelala pembeni, akihesabu kimya kile na kungoja pumzi irudi. Mama au baba unayekesha hivyo, usihamie chumba kingine ukadhani umemaliza tatizo. Mwambie mwenzio ulichokiona, bila kumcheka, na mfuatane kwa daktari. Mliapa kutunzana katika magonjwa na afya, na huu ni ugonjwa kama mwingine.

Mungu awajalie usingizi mwema.