Ulimi Uliozoea Ulanzi Mbele ya Divai ya Australia

Mpe mnywaji wa ulanzi, kinywaji cha utomvu wa mianzi, wa Njombe bilauri mbili akiwa amefumba macho, naye atakwambia upi ni mtogwa uliogemwa leo na upi ni mkangafu uliokwisha kuchacha. Hakusomea popote. Ameonja mara nyingi, amelinganisha, na kila hali ya kinywaji hicho ina jina lake. Kwa hiyo sikubaliani na wanaodhani kwamba divai nyekundu ya Australia, hata ile ya bei ya kati, ni ya watu wenye ulimi wa pekee. Ulimi upo Njombe na Makambako. Kinachopungua ni majina ya kuyaita yale ambayo ulimi umekwisha kuyahisi.

Tuchukue Shiraz, zabibu inayolimwa kuliko zote Australia, ambayo asili yake ni Ufaransa. James Busby alikuwa miongoni mwa waliopeleka vipando huko, mwaka 1832. Katika bonde la Barossa, hukohuko Australia, jua huivisha zabibu hadi zikajaa sukari, na chachu huigeuza sukari hiyo kuwa kileo, kama inavyofanya ndani ya ulanzi. Ndiyo maana chupa nyingi huandikwa asilimia 14 au zaidi, na chupa moja ya mililita 750 hubeba kileo cha takriban bia nne za nusu lita. Anayeonja kwa makini huchukua funda dogo, tena huweza kulitema. Rangi hutoka kwenye maganda, na pamoja nayo hutoka tanini, ambayo Kiswahili kina neno zuri kwa kazi yake: ukakasi. Mkoa wa Njombe, unaolima chai, unaujua vizuri. Chai ya rangi iliyokaa mno kwenye birika hukausha fizi na kuukwaruza ulimi. Divai changa hufanya vivyo hivyo, ila katika chupa iliyotengenezwa vizuri ukakasi huo hulainika huku ladha ya tunda ikibaki. Kwenye harufu, tafuta zambarau zilizoiva, kisha pilipili manga. Hiyo pilipili si maneno ya wauzaji: mwaka 2008 watafiti wa Australia walieleza kuwa kiini chake, rotundoni, kimo katika Shiraz na kimo pia katika pilipili manga yenyewe. Takriban mtu mmoja kati ya watano waliopimwa hakuweza kukinusa, hata kilipozidishwa.

Kuna atakayesema haya yote ni maringo, naye ana ushahidi. Mwaka 2001 lilichapishwa jaribio la Bordeaux ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Miaka saba baadaye, jaribio la California lilionyesha kwamba divai ileile humpendeza mnywaji zaidi akiambiwa bei yake ni kubwa. Nayapokea matokeo hayo, lakini naona yanalaumu jicho na lebo. Pua haina kosa. Dawa yake ni kuificha chupa.

Wapo pia watakaouliza kwa nini tuhangaike na Australia ilhali Dodoma ina mizabibu inayovunwa mara mbili kwa mwaka. Swali ni la haki, na jibu lake ni kuziweka pamoja. Zifungwe chupa mbili kwa gazeti, ya Barossa na nyekundu kavu ya Dodoma, na amimine mtu asiyeonja. Divai nyekundu hupendeza kwenye nyuzijoto 16 hadi 18. Juni na Julai vyumba vya Njombe huwa na baridi kuliko hapo, basi glasi ishikwe kwa viganja viwili kwanza, kwa sababu baridi huficha harufu na kuzidisha ukakasi. Kila mmoja aandike anachokihisi kwa maneno ya nyumbani, zambarau, chai, moshi au ndimu, na aandike bei ambayo angekuwa tayari kuilipa. Gazeti livuliwe baada ya kalamu kuwekwa chini.